Amefanana na Nani, na Tangu Lini

Mwanangu, kaa kidogo. Najua una haraka na simu inakuita. Nimeiona ile picha mnayotumiana, yenye nyuso zilizopangwa safu kwa safu: uso wa yai, uso wa duara, uso wa mraba, uso mrefu wenye kidevu kilichochongoka. Chini ya kila uso pameandikwa ugonjwa. Huyu ini lake bovu, yule moyo wake dhaifu, yule mwingine figo. Ukaniuliza: mama, wewe uliyezeekea wodini, haya ni kweli? Nilikujibu nusunusu kwa sababu ulikuwa umeshika kitasa cha mlango. Leo nimepika chai, nikujibu vizuri.

Umbo la uso, kwa umbo lake tu, halina ugonjwa ndani yake. Taya yako pana ni ya babu yako mzaa baba. Mashavu yako ya duara ni ya kwetu; nami niliyapata kwa mama yangu, aliyeishi mpaka akawaona vitukuu. Hakuna daktari mkweli atakayeutazama uso wa mraba akakuambia moyo wako utakuja kukuuma. Anayesema hivyo anauza kitu. Isome picha ile mpaka chini, utaikuta namba ya simu ya muuza dawa.

Lakini usiondoke na hilo tu ukadhani uso hausemi. Unasema. Yapo maradhi yanayoanza kuonekana usoni kabla mgonjwa mwenyewe hajajua kuwa anaumwa. Kuyaona kunataka maswali mawili, na mimi sikuyapata chuoni. Niliyapata kwa bibi yangu, ambaye hakusoma. Mtoto akizaliwa, wanawake wa mtaani wakija kumwona, neno la kwanza la bibi lilikuwa: amefanana na nani? Mtu mzima akipita uso umemvimba au umempinda, bibi alimwuliza: tangu lini? Nilipokuwa kijana niliona ni maneno ya wazee ya kupitishia wakati. Ilinichukua miaka mingi ya kazi kutambua kwamba madaktari bingwa nao huanzia hapohapo.

Ngoja nikupe habari za mtu mmoja aliyejua kutazama. Aliitwa Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, aliyefanya kazi Mulago, Kampala. Alikuwa na jicho moja. La pili alilipoteza utotoni. Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wodini amwone mtoto wa kiume wa miaka mitano hivi. Taya za mtoto zilikuwa zimevimba kulia na kushoto, juu na chini. Meno yamelegea. Uso wote umeharibika. Burkitt alikuwa amepasua majipu mengi, na jipu huvimba upande mmoja. Hapa pande zote nne zilikuwa zimevimba kwa pamoja. Hakujua ni nini.

Alimpiga picha mtoto yule, akabaki na swali lake. Wiki chache baadaye alikuwa Jinja, anamalizia kuwazungukia wagonjwa. Akatazama nje dirishani, akamwona mtoto wa kike ameketi na mama yake, uso umevimba vilevile. Mwanangu, hapa ndipo ninapotaka utulie. Wengi wetu tungesema, maskini mtoto yule, tukaendelea na kazi. Burkitt alitoka nje, akamwendea, akamchunguza. Akakuta taya zote zimevimba, na tumboni pia mna uvimbe. Aliporudi Kampala akaanza kufungua mafaili ya zamani, moja baada ya jingine. Akawakuta watoto wengi ambao kila mmoja alikuwa ameandikiwa saratani yake: huyu ya taya, yule ya figo, yule ya ini. Ulikuwa ugonjwa mmoja, na hakuna aliyewahi kuwaweka watoto wale pamoja. Makala yake ilichapishwa mwaka 1958.

Hakuishia hapo. Alitaka kujua ugonjwa ule uko wapi na wapi haupo. Akatuma karatasi zenye picha za nyuso zile kwenye hospitali za Afrika, akiuliza kama wamewaona watoto wa namna hii. Majibu yakaingia kwenye ramani. Kisha Oktoba 1961, mwaka uleule tuliopata uhuru, akapanda gari kuukuu pamoja na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson. Wakaenda kilomita zipatazo 16,000, kutoka Uganda, kupitia kwetu Tanganyika, mpaka kusini mwa bara. Kila hospitali waliyofika waliuliza swali lilelile. Wakaona kwamba ugonjwa uko kwenye joto na mvua, na unatoweka ukipanda nyanda za juu zenye baridi. Ramani yake ikawa karibu ni ramani ya malaria.

Huko London, mtafiti Anthony Epstein alikuwa amemsikia Burkitt akihutubia mwaka huohuo. Akaomba vipande vya uvimbe ule vipelekwe kwake kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 yeye, Yvonne Barr na Bert Achong wakaonyesha kirusi kilichokuwa ndani yake. Kilikuwa kirusi cha kwanza cha binadamu kuhusishwa na saratani. Leo tunajua kwamba karibu kila mtu hukipata, wengi wetu tukiwa watoto, na hakitudhuru. Lakini mtoto anayepigwa na malaria mara kwa mara, kinga yake huchoka kukidhibiti, na hapo saratani hupata nafasi. Yote hayo yalianza kwa mtu aliyetazama nje dirishani akakumbuka uso aliouona wiki chache kabla.

Mimi nimefanya kazi kwenye ukanda wa malaria, nimewaona watoto hao. Uvimbe huu hukua upesi kuliko karibu saratani zote. Ndani ya siku mbili tu unaweza kuongezeka maradufu. Na dalili ya kwanza inaweza kuwa jino. Mama anasema, jino la mwanangu linacheza. Mtoto ana miaka sita, umri wa kung'oka meno, nani atashtuka? Linang'olewa. Wiki ijayo la pili yake linacheza. Shavu linajaa. Anapewa dawa ya jipu, anarudishwa nyumbani. Hapo ndipo pa kuuliza tangu lini, na ni meno gani. Umri ule hung'oka meno ya mbele. Magego hayana kawaida ya kucheza. Mtoto mwenye magego yanayolegea na taya inayojaa apelekwe hospitali kubwa siku hiyohiyo, asisubiri kliniki ya wiki ijayo. Saratani hii husikia dawa haraka. Watoto wengi wakiwahishwa hupona, na nimeona shavu likipungua siku chache tu baada ya dripu ya kwanza.

Sasa lile swali jingine, la amefanana na nani. Hapa nina jambo linaloniuma mpaka leo.

Usiku mmoja mama alijifungua mtoto wake wa kwanza. Nikampokea mtoto, nikamfuta, nikamtazama. Macho yamepanda kidogo kwenye pembe za nje. Pua bapa pale katikati ya macho. Masikio madogo, ngozi ya ziada nyuma ya shingo, mwili umelegea mikononi mwangu. Nikakifungua kiganja, nikakuta mstari mmoja umekata kutoka upande huu hadi ule. Nilijua. Nilikuwa kijana, nimefaulu vizuri mitihani, na nilifurahi kwamba nimejua. Nikamwita mwenzangu, naye akamwita mwingine, tukasimama chini ya taa tukionyeshana na kunong'ona. Mama yuko kitandani, anaona migongo yetu tu. Akauliza, mwanangu ana nini? Tukamwambia, subiri daktari atakuja asubuhi.

Mwanamke yule alikaa usiku kucha na mtoto ambaye migongo yetu ilikuwa imeshamwambia kwamba ana kasoro, bila kumwambia ni kasoro gani. Kulipokucha daktari akamweleza. Hakulia. Alisema, "Mimi namwona amefanana na kaka yangu."

Na kweli alifanana naye. Kaka mtu alipokuja kumwona niliona mwenyewe: paji lilelile, midomo ileile. Vitabu vilinifundisha kuona kinachowafanya watoto hawa wafanane wao kwa wao. Havikunifundisha kuona kwamba kila mmoja wao amefanana pia na watu wa kwao. Swali la bibi lina majibu mawili kwa mtoto wa namna ile, na anayetaja moja tu hajamtazama mtoto.

Hali hiyo huitwa hali ya Down, kwa jina la daktari Mwingereza, John Langdon Down, aliyeieleza mwaka 1866. Alikuwa na jicho zuri. Aliona kwamba watoto wasio na udugu wowote wanaweza kufanana hadi ukadhani ni wa tumbo moja. Kuona aliona sawasawa, akaharakia maana. Kwa sababu ya macho yale akasema watoto hawa wa Kizungu wamechukua umbo la watu wa Mongolia, akawapa jina la taifa la watu wengine. Jina hilo lilidumu vitabuni karibu miaka 100. Mwaka 1961 kundi la wanasayansi, mjukuu wa Down mwenyewe akiwamo, liliandika kwenye jarida la The Lancet likitaka jina hilo liachwe. Mwaka 1965 wajumbe wa Mongolia wakaliomba Shirika la Afya Duniani lisilitumie tena.

Sababu yenyewe ilikuwa imekwisha kupatikana Paris. Marthe Gautier alikuza chembe hai maabara, na mwaka 1959 yeye, Jérôme Lejeune na Raymond Turpin walitangaza kwamba watoto hawa wana kromosomu 47 mahali pa 46. Ile ya 21, ambayo wengine tunazo mbili, wao wanazo tatu. Taifa halimo kabisa. Hutokea Tanga, hutokea Tokyo. Na katika ukoo wa Down huyohuyo, alizaliwa mjukuu mwingine, mwenye hali hiyo.

Niruhusu niseme jambo moja zito hapa. Kwa jirani zetu wa Rwanda na Burundi, wakati wa ukoloni, walikuja watu na rula wakapima pua na vichwa, wakidai wanatambua nani ni nani. Miaka ya 1930 Wabelgiji wakaandika kabila kwenye vitambulisho. Mwaka 1994, huko Rwanda, watu waliuawa vizuizini kwa kitambulisho, na wengine kwa sura tu. Nakuambia haya kwa sababu daktari naye hupima uso kwa rula. Hupima umbali kati ya macho, urefu wa pua, mahali masikio yalipokaa. Chombo ni kilekile. Mwenye kukishika lazima ajue anamtafutia mtu nini.

Siku hizi rula imeingia kwenye simu. Iko programu iitwayo Face2Gene, ambayo madaktari wa magonjwa ya kurithi huipa picha ya mtoto nayo ikataja hali anazoweza kuwa nazo. Ni chombo kizuri, sikibezi. Lakini mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya kuijaribu kwa watoto wenye hali ya Down wa Kongo na wa Ubelgiji. Kwa Wabelgiji ilipatia 80 katika kila 100. Kwa Wakongo haikufika 40. Ilikuwa imefundishwa zaidi kwa nyuso za Wazungu. Walipoiongezea picha za Waafrika ikapatia zaidi ya 90. Mwanangu, pua bapa kwa mtoto wa Brussels inaweza kuwa dalili. Kwa mtoto wetu inaweza kuwa pua ya shangazi yake, na shangazi ni mzima. Ndiyo maana ukimtazama mtoto, watazame na waliomleta.

Faida ya kutambua mapema ni hii: karibu nusu ya watoto wenye hali ya Down huzaliwa na hitilafu ya moyo. Wengine hawasikii vizuri, wengine tezi ya shingo haifanyi kazi inavyopasa. Hayo yana tiba yakijulikana mapema. Basi siku utakapokuwa wewe uliyeshika mtoto wa namna hiyo, awe wa mgonjwa wako, wa dada yako au wako mwenyewe, mpe mama mtoto wake kwanza. Mpongeze. Muulize amempa jina gani. Vuta kiti, ukae, na mtu wake awepo. Halafu mwambie ulichokiona na kinachopaswa kupimwa. Kipimo cha kromosomu ndicho kitakachosema neno la mwisho. Sisi tulioona uso tumeona sababu ya kupima.

Jihadhari pia na uso uliojaa. Sisi tunapenda mashavu. Mtu akijaa uso tunasema maisha yamemkubali. Nilipokuwa mgeni kazini, mama mmoja aliniletea mtoto wa miaka miwili mwenye kikohozi, nikamsifu kwa mashavu yake. Mama akafurahi. Mkubwa wangu wa kazi akainama, akaubonyeza mguu wa mtoto kwa kidole gumba, akaachia. Shimo likabaki. Mtoto alikuwa na unyafuzi, ule mnaouita kwashakoo. Alikuwa amejaa maji, nyama zimekwisha. Nywele zake zilikuwa na wekundu. Niliziona, nikadhani ni jua. Alikuwa ameachishwa ziwa mdogo wake alipozaliwa, akawa anakula ugali na mchuzi mtupu. Sifa yangu ingemrudisha nyumbani vilevile alivyokuja, na mama yake akitembea kwa fahari.

Kwa mjamzito ni hivyohivyo. Miguu kuvimba jioni huwapata wengi. Lakini uso ukivimba asubuhi, pete ikagoma kutoka, kichwa kikauma na macho yakaona vimulimuli, usimwambie mimba imempenda. Presha ikifika 140/90 baada ya wiki ya 20, huyo ni wa hospitali leo. Huko ndiko kifafa cha mimba kinakotokea. Na mtoto anayeamka kope zimevimba, mkojo wake una povu, figo zake zinavujisha protini. Kufika jioni uvimbe hushuka na watu husahau. Ndiyo sababu nasema mtazame asubuhi.

Halafu kuna uso unaonunuliwa dukani. Hapa sitakuficha, kwa sababu nawajua rafiki zako. Vidonge vya kunenepa vinavyouzwa kimyakimya, hapa kwetu na kwa wenzetu wa Kongo, vingi vina deksamethasoni. Pengine imechanganywa na siproheptadini, inayoleta hamu ya kula. Haipiti miezi mingi, uso unakuwa duara kabisa. Madaktari huuita uso wa mwezi. Tumbo linajaa, nyuma ya shingo panaota nundu, huku mikono na miguu inakonda. Ndani, sukari inapanda, presha inapanda, mifupa inapoteza nguvu. Mkorogo nao mara nyingi una dawa za jamii hiyohiyo, zinazoingia kupitia ngozi.

Nimewahi kumpokea binti aliyesikia maneno haya kutoka kwa mtu, akaogopa, akavitupa vidonge vyote siku moja. Aliletwa amebebwa. Mwili unaopewa dawa hiyo kila siku huacha kujitengenezea ya kwake. Tezi zilizo juu ya figo hulala. Ukikatisha ghafla zinakuwa hazijaamka. Mtu anaishiwa nguvu, anatapika, presha inaanguka, anaweza kufa. Kwa hiyo aliyekwisha kuanza asiache peke yake. Aende kwa daktari, aseme ukweli wa vidonge na wa mkorogo, apunguziwe kidogo kidogo. Ataona haya. Nenda naye.

Mengine nitayataja haraka. Mtoto mwenye selimundu, mifupa ya paji na ya taya ya juu inaweza kutokeza, kwa sababu uboho unapanuka ukijaribu kufidia damu inayovunjika upesi. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu, kwa hiyo jambo hili liko mtaani kwako. Lakini paji lililotokeza peke yake ni la watoto wengi wazima. Uliza kama macho hugeuka manjano, kama alipokuwa mchanga vidole vilimvimba, kama huumwa mifupa. Kisha apimwe damu. Ipo haidroksiyurea, na wanaoitumia vizuri hupata nafuu kubwa.

Mdomo ukipinda ghafla, usiruhusu mtu aseme ni upepo mbaya mpaka kuche. Mwambie atabasamu, akunje paji, ainue mikono yote miwili. Paji likikunjika lakini mdomo umeanguka, au mkono mmoja ukishuka, fikiria kiharusi. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ubongoni, mahali ilipo, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Daktari atakuuliza tangu lini, na jibu lako ndilo litakaloamua kama dawa hiyo inawezekana. Nusu nzima ya uso ikilala, pamoja na paji, na jicho halifungi, huenda ni mshipa wa fahamu wa uso. Wengi hupona. Hata hivyo aende upesi, na jicho lile lilindwe lisikauke.

Yaliyonishinda kwa muda mrefu kuliko yote ni mabadiliko ya polepole. Ugonjwa wenyewe huitwa akromegali, jina alilolitoa Pierre Marie, daktari wa Paris, mwaka 1886. Tezi ndogo iliyo chini ya ubongo huota uvimbe, mara nyingi usio saratani, nao unamwaga homoni ya kukua kwa mtu aliyekwisha kumaliza kukua. Hawezi kurefuka tena, basi anapanuka. Taya ya chini inasogea mbele. Meno yanaachana. Pua na midomo vinanenepa, mfupa wa juu ya macho unatokeza. Viatu vinabana, pete haiingii. Anakoroma, anatoka jasho, sukari na presha vinapanda. Mara nyingi hupita miaka mitano hadi kumi kabla mtu hajagundua. Anatibiwa kisukari huku, viungo kule, kichwa kwingine. Mkewe hana la kusema, kwa sababu amemwona kila siku. Hata swali la tangu lini halipati jibu, maana mwenyewe hajui.

Kinachosaidia ni picha za zamani. Ya harusi, ya shule, ya leseni ya gari, ya kitambulisho. Unazipanga mezani kwa miaka yake, unatazama taya, unatazama pua, bila haraka. Ukiona uso unabadilika mwaka hadi mwaka kuliko uzee unavyobadilisha watu wa ukoo ule, zipeleke kwa daktari. Kipimo cha damu kitaonyesha homoni, picha ya kichwa itaonyesha tezi. Wapasuaji huufikia uvimbe kwa kupitia puani, bila kufungua fuvu. Wengi wanaowahiwa hupona na kurudia kazi zao.

Na sasa nikuambie kwa nini nimekuita leo. Nilikusikia na binamu zako mkimcheka mjomba wenu, kwamba sasa anavaa viatu namba 45 na amepata mwanya ambao hakuwa nao. Msimcheke. Nilimwona msibani baada ya muda mrefu, nikamtazama, nikanyamaza kwa kuwa palikuwa na watu. Picha ya harusi yake iko kwenye kabati langu, droo ya chini. Ichukue. Umwombe na leseni yake ya zamani. Jumatatu umpeleke hospitali ya mkoa, kitengo cha magonjwa ya ndani, na picha hizo uzibebe wewe, maana yeye atazisahau makusudi. Leo jioni nitampigia simu nimweleze mwenyewe.